Ayubu alilalamika weee na bado akaitwa mwaminifu. Kwa nini sisi tukilalamika tunaambiwa hatuna imani?

#1 Mkulima_Dakawa

Wakuu habari za jioni.

Nisizunguke. Kaka yangu mkubwa figo zimegoma, anasafishwa damu kila wiki, na kwa wanaoijua hiyo shughuli hamna haja niwaeleze pesa inavyokwenda. Trekta imeuzwa, mashamba yameuzwa, duka la pembejeo limefungwa. Mke wake ni mlokole wa siku nyingi, mtu wa mikesha, mimi nilikuwa namtania kwamba funguo za kanisa analala nazo yeye. Sasa juzi kwenye maombi ya nyumbani kila mtu akaambiwa aseme la moyoni, shemeji akasema "mimi kwa sasa Mungu simwelewi, namwomba lakini simwelewi, na nimeshamwambia hivyo." Wee! Akaambiwa atubu palepale, eti anafunga mlango wa muujiza kwa kinywa chake, akasomewa Yakobo 5:11, saburi ya Ayubu, kwamba na yeye awe kama Ayubu.

Mimi Biblia sio msomaji sana ila nilikereka, nikaenda kumsoma huyo Ayubu mwenyewe, sio yule wa kwenye mahubiri. Wakuu, huyu mzee kawa mpole sura mbili tu! Sura ya 3 anailaani siku aliyozaliwa. Sura ya 7 anamuuliza Mungu utaacha lini kunikodolea macho angalau nimeze mate. Sura ya 9 anasema mkamilifu na mwovu wote anawaangamiza tu. Yaani sura kama 35 za malalamiko, halafu mwishoni 42:7 Mungu anawakasirikia wale marafiki waliokuwa WANAMTETEA yeye Mungu, anasema hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu.

Sasa uaminifu kwa Mungu kwenye shida ni nini hasa? Ni kufunga mdomo? Na kama ni kufunga mdomo, Ayubu alipitaje hapo?

#2 Chura_Kiziwi

Siti ya mbele kabisa. Wachungaji njooni, wateja tupo.

#3 Kiti_cha_Nyuma

Uzi mzuri mkuu ila kwenye hesabu umetia chumvi. Kitabu kizima kina sura 42. Ya 1 na 2 ni masimulizi, mabishano yanaanza 3 yanaishia 31 pale panaposema maneno ya Ayubu yamekoma. Humo katikati kuna za Elifazi (4, 5, 15, 22), za Bildadi (8, 18, 25) na za Sofari (11 na 20). Ukitoa hizo Ayubu anabaki na sura kama 20, na hiyo ya 28 ni shairi la hekima, wapo wanaosema sio yeye anayeongea. 32 mpaka 37 ni kijana Elihu, kisha Mungu mwenyewe. Ila ishirini za kulalamika bado ni nyingi, hoja yako imesimama.

Lakini na wewe usimnyime mzee sura yake ya 1. Ng'ombe, punda, kondoo, ngamia, watumishi, watoto 10, vyote vimeondoka siku moja na akasema Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Hiyo nayo kaisema kweli, sio maigizo. Wahubiri wanaishia hapo kwa sababu ndipo panapohubirika, nani atasimama Jumapili ahubiri sura ya 9 halafu apitishe kapu la sadaka.

#4 Bin_Hamadi

Asalaam aleykum, na salamu kwa wasiokuwa Waislamu pia.

Sisi dua ya Nabii Ayyub a.s. ni fupi mno. Kwenye Suratul Anbiyaa aya ya 83 anamwambia Mola wake imenigusa dhara, nawe ndiye mwenye kurehemu kuliko wote wanaorehemu. Basi. Hata neno "niponye" halimo, kaeleza hali yake kanyamaza. Na kwenye Suratu Saad aya ya 44 Allah anasema tulimkuta ni mwenye kusubiri, mja mwema alioje. Kwa hiyo kueleza hali hakuvunji subira. Halafu mtazame Nabii Yaaqub, kampoteza Yusuf, kalia mpaka macho yakawa meupe, wanawe wakamlaumu utaumwa utakufa mzee wetu, akawajibu mimi sikitiko langu na huzuni yangu namshitakia Allah (Yusuf, 86). Ndio huyohuyo aliyesema subira njema. Kalia na kasubiri, vyote viwili kwa wakati mmoja.

Kwetu mpaka uko hapo, malalamiko unayapeleka wapi. Ukiyapeleka kwa Mola wako ni ibada. Ukitembea nayo mitaani kumsema Mola wako kwa viumbe vyake hapo ndipo panapokuwa na maneno.

#5 Chura_Kiziwi

Kwa hiyo shekhe uzi mzima huu haramu 😂😂 jamaa kaleta malalamiko kwa viumbe wa jukwaani

#6 Bin_Hamadi

@Chura_Kiziwi kaleta swali, soma kwanza.

#7 Mama_Viungo

Mimi nilikuwa nauza viungo soko kuu Kariakoo, Julai 2021 usiku likaungua. Mzigo wote ulikuwa wa mkopo wa kikundi, ule wa kurejesha kila wiki, na wenzangu wa kikundi ndio wadhamini wangu, kwa hiyo deni halikuungua na soko. Jumapili iliyofuata nikaenda kanisani kama kawaida, nyimbo zikaimbwa, mimi mdomo haufunguki. Nikakaa hivyo muda mrefu sana jamani. Naenda, nakaa, siimbi, sitoi ushuhuda, sadaka sina, naondoka kabla ya matangazo ili nisisalimiane na mtu. Kuna mama mmoja akaniuliza mbona huimbi dada nikamwambia nimekasirika. Akasema haya. Jumapili nyingine akaja kukaa pembeni yangu na yeye hakuimba.

Ukiniuliza uaminifu wangu ulikuwa wapi nitakwambia ulikuwa kwenye miguu, mdomo ulikuwa umegoma. Mwambie shemeji yako asiache kwenda, na kama hao wa maombi ya nyumbani wanamchosha aende ibada ya asubuhi ambayo watu ni wengi hakuna anayemjua.

#8 Jeshi_la_Madhabahu

Mnampotosha huyo dada. Mmechagua Ayubu mmeruka Hesabu 14. Wana wa Israeli walinung'unika jangwani, wote wa miaka 20 na kuendelea wakaanguka hukohuko jangwani isipokuwa Yoshua na Kalebu, na Paulo kwenye 1 Wakorintho 10 anasema msinung'unike kama walivyonung'unika wale wakaharibiwa. Hapo mnasemaje? Mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi, Mithali 18:21. Mimi nimeona watu wamefunguliwa kwa kukiri ushindi wakiwa kitandani. Pia mkuu mleta uzi angalia ukoo wenu, ugonjwa na mali kufilisika kwa pamoja sio kitu cha kawaida, kuna madhabahu za mababu hazijabomolewa.

#9 Mkulima_Dakawa

Mkuu #8 kaka alikuwa na presha miaka mingi hanywi dawa, daktari kasema presha ndiyo iliyokula figo. Mababu wetu tuwaache walale, walikuwa wakulima wa mpunga tu hawana makuu.

#10 Kiti_cha_Nyuma

Hesabu 14 ni hoja nzuri, tusiikwepe. Mimi naona tofauti hivi: wale walinung'unika wakaanza kuchagua kiongozi wa kuwarudisha Misri. Walishafunga mizigo. Ayubu hajafunga mzigo, mkewe alimwambia mkufuru Mungu ukafe, akakataa. Kamlaumu Mungu usoni lakini hakwenda kwa mwingine. Na sio yeye tu, Yeremia 20 nabii anamwambia Mungu umenihadaa nami nimehadaika, Zaburi ya 88 inaanza kwenye kilio inaishia gizani hakuna hata mstari wa shangwe, na Yesu msalabani kalia kwa Zaburi ya 22, mbona umeniacha. Hao wote nao wakatubu?

#11 Jeshi_la_Madhabahu

Sura ya 9 Ayubu anamwongelea Mungu "yeye", anawaambia marafiki zake. Sio usoni. Na 42:6 anatubu katika mavumbi na majivu. Kama alinena sawa kila kitu alitubu nini?

#12 Chura_Kiziwi

Hiyo ya #11 imeingia. Kiti cha Nyuma sogea mbele ujibu.

#13 Kiti_cha_Nyuma

Nitarudi, niko kwenye daladala. Kwa kifupi sura ya 10 anageuka anaongea na Mungu moja kwa moja, anafanya hivyo mara nyingi, anaanza na watu anamalizia kwa Mungu. Na alichotubu anakisema mwenyewe kwenye hiyo 42 mstari wa 3, kwamba alinena mambo asiyoyafahamu. Haya ya kulia na kuhoji Mungu kasema yalikuwa sawa mstari wa 7. Vyote viko sura moja, kila mtu anakata kipande chake.

#14 Sina_Dini_Nina_Amani

Nipite kidogo wapendwa msinipige mawe. Hivi mmewahi kujiuliza kwa nini shuhuda zote mnazozisikia ni za waliopona, waliopata kazi, waliopata mtoto? Yule aliyefunga siku 40 na mkewe akafa hapewi maiki. Aliyekata tamaa akaacha haji kusimulia kwa sababu hayupo. Kwa hiyo mnahesabu waliofika tu halafu mnasema njia inafika. Kaka wa mleta uzi shida yake ina majina mawili, figo na bima. Muda mnaotumia kutafuta Shetani kafanya nini mngeutumia kudai matibabu ya figo yawe nafuu kila mkoa.

#15 Mama_Viungo

Kaka #14 hilo la maiki ni kweli kabisa. Mimi hawakunipa. Ila ndio maana nimeandika hapa.

#16 Wa_Kilifi

Wasee nawasoma nikiwa Malindi. Mimi hili swali linanigusa kwa upande mwingine, sisi tulikuwa na Shakahola hapa karibu, 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni. Wale watu hawakukosa imani hata kidogo, walifunga mpaka wakafa na watoto wao wakafa wakiamini huo ndio uaminifu wenyewe. Sasa mtu akiniambia vumilia tu usiulize maswali mimi huogopa sana. Laiti kungekuwa na mama mmoja pale wa kusema kama huyo shemeji, "mimi simwelewi", pengine watoto wake wangekuwa hai. Kwa maoni yangu mtu anayeuliza anafaa kuachwa aulize.

#17 Jeshi_la_Madhabahu

Shakahola ni upotofu, usituchanganye na upotofu.

#18 Wa_Kilifi

Najua si nyinyi. Lakini hata huko ilianza na kuambiwa usiulize, ati ukiuliza unamkasirisha Mungu.

#19 Kiti_cha_Nyuma

Na kwetu Moshi, Februari 2020, watu 20 walikufa uwanjani wakikanyagana kuwahi kupita kwenye mafuta ya upako. Watu wa shida zao, wagonjwa, wasio na ajira. Nawaza kama mtu kaambiwa imani ni lazima ijibiwe leo atafanya nini zaidi ya kukimbilia? Ndio maana mimi kwenye haya mambo napenda wale vijana watatu wa Danieli 3. Wanamwambia mfalme Mungu wetu aweza kutuokoa na tanuri, halafu wanaongeza, bali kama si hivyo, sanamu yako hatuabudu vilevile. Hiyo "kama si hivyo" sijaisikia kwenye mkesha hata mmoja.

#20 Nyuma_ya_Volkano

Jambo kwenu bote, miye niko Goma. Huku kwetu hiyo swali tunaiulizaka kila siku. Volkano ya 2002 ilipita katikati ya muji, ikarudia 2021 ikasimama pembeni, na januari 2025 vita ikaingia mu muji yenyewe. Na siku ya yenga, ni kusema jumapili, kanisa inajaa tu. Siyo juu tuko na imani mingi kuliko ninyi, hapana. Kanisa njo fasi yenye ilibakia yenye batu banajuana majina. Ukikosa mara mbili, batu banakuya kuangaria kama uko muzima. Pasteur wetu hana tena mafundisho ya kwa nini, aliyaacha. Anasoma majina ya benye balikufa mu juma, tunaimba, tunagawana kile kiko. Muniulize imani iko wapi pale, sijue, lakini kesho nitaenda tena.

#21 Chura_Kiziwi

#20 pole sana ndugu. Hapa sina utani.

#22 Dereva_Maskati

Nimewasoma kwenye foleni huku Oman. Mjue tu kaburi la Nabii Ayyub liko huku, mlimani juu ya Salala. Nimefika. Msimu wa kharifu ule, Juni mpaka Septemba, ukungu umejaa, milima yote kijani, ukitoka Maskati kwenye joto ukifika pale unasema kweli huyu kapewa pumziko. Nilikwenda mwaka ambao kazi iliniharibikia, kafili, yaani mwajiri wangu, kashikilia pasipoti, nyumbani nilikuwa nasema niko vizuri. Nikaomba pale nikarudi. Hali haikubadilika mwaka ule. Nasema ukweli, haikubadilika, ila usingizi ulirudi.

#23 Sina_Dini_Nina_Amani

Uturuki nao, mji wa Urfa, wana pango la Ayubu na kisima chake. Mtu mmoja makazi mangapi?

#24 Bin_Hamadi

Maqamu, yaani mahali pa kumkumbuka mja mwema, si lazima iwe kaburi, mtu mwenye mtihani mrefu hivyo kila nchi inamtaka. Kaka Dereva, bora ulivyosema haikubadilika. Watu wanaruka hapo.

#25 Mnyaihangiro

Mimi niko Bukoba, jirani na Uganda, ngoja niongeze la kwetu kwa sababu mnaongelea kulalamika tu, mbona kukimbia hamkusemi? Februari 1977 Idi Amin alimuua Askofu Mkuu Janani Luwum, tarehe 16, serikali ikasema ajali ya gari. Luwum alikaa mpaka mwisho, Uganda leo tarehe hiyo ni sikukuu. Siku zilezile Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, ambaye zamani aliwahi kufundisha Dodoma, alipanda milima usiku na mkewe wakavuka kwa miguu kuingia Rwanda. Mmoja kafa, mmoja kakimbia, na wote wawili kanisa linawakumbuka kama waaminifu. Kivengere hata akaja kuhubiri msamaha kwa Amin huyohuyo. Sasa nani alikuwa Ayubu hapo? Mimi nadhani tunadhani uaminifu una sura moja kwa sababu tunahubiriwa mashahidi wa Namugongo tu, wale 22 waliochomwa Juni 3, 1886.

#26 Kiti_cha_Nyuma

Mkuu 22 ni Wakatoliki waliotangazwa watakatifu 1964. Kuna Waanglikana 23 pia, jumla 45. Na hawakufa wote Juni 3, wala si wote kwa moto, wengine waliuawa njiani na siku tofauti tofauti. Juni 3 ndio wengi walichomwa, na Karoli Lwanga, kiongozi wao, naye aliuawa siku hiyohiyo.

#27 Bin_Hamadi

Na Namugongo hapohapo kabla ya hao, miaka ya 1870, Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, aliwaua vijana Waislamu waliokataa nyama isiyochinjwa na Mwislamu. Hao huwa wanasahaulika, hawana hija ya kila mwaka yenye mamilioni.

La kukimbia kwetu halina utata, Mtume s.a.w. mwenyewe aliwatuma masahaba Habasha waliposhindwa kuishi Makka. Na lipo zito zaidi ya kukimbia. Bilal aliwekewa jiwe kifuani juu ya mchanga wa moto akabaki anasema Ahad, Ahad. Ammar bin Yasir, ambaye mama yake Sumayya aliuawa mbele ya hao Makureshi, aliteswa mpaka akatamka walichotaka. Akaja kwa Mtume analia. Aya ikashuka, Suratun Nahl 106, aliyelazimishwa na moyo wake umetua kwenye imani hana lawama. Bilal hakuambiwa alizidisha na Ammar hakuambiwa alipunguza.

#28 Mnyaihangiro

Hii ya Ammar sikuwa naijua. Na nyongeza ya pembeni, Kabaka Mwanga aliyewachoma wale vijana alikufa uhamishoni Shelisheli 1903 akiwa amebatizwa, jina Danieli. Mambo ya Mungu hayo, mimi sitii neno.

#29 Chura_Kiziwi

Sijui nicheke au nilie. Kachoma watu kwa kusali, halafu kaishia kusali.

#30 Nesi_Zamu_ya_Usiku

Mleta uzi, mimi nimefanya kazi wodi ya figo na nyinginezo za wagonjwa wa muda mrefu. Nikwambie ninachokiona. Wale wanaotangaza sana ushindi wakati wa kuona wagonjwa, saa nane usiku ndio wanaoita nesi njoo ukae hapa. Sio wanafiki, wanachoka kubeba wageni. Mgonjwa anaumwa na bado anatakiwa awatie moyo waliokuja kumtia moyo. Na mke wa mgonjwa ndio kabisa, yeye hana hata kitanda. Kama kuna kitu kimewashika wengi nilioona wasiachie imani, ni kuwa na mtu mmoja ambaye mbele yake hawaigizi.

Jambo la pili ni la kazi yangu, sio la dini. Kukiri uponyaji kirini, ila asije mtu akamwambia kaka yako aruke hata siku moja ya kusafishwa. Maji yanajaa mwilini, potasiamu inapanda, moyo unasimama. Nimeshapokea wa hivyo. Tena mwambieni ndizi na maji ya dafu asipewe pewe tu kwa upendo, waulizeni wataalamu wa lishe kwanza.

#31 Jeshi_la_Madhabahu

Dada nesi hilo nakuunga mkono, sisi kwetu hatuachishi mtu dawa. Ila bado nasema kinywa kina nguvu.

#32 Nesi_Zamu_ya_Usiku

Sawa mtumishi, na sikio nalo lina kazi yake.

#33 Sina_Dini_Nina_Amani

Swali langu la mwisho kisha nalala. Mwisho wa kitabu Ayubu anarudishiwa kila kitu mara mbili. Sasa kitabu chote kinapinga hoja ya marafiki kwamba ukiwa mwema unalipwa, halafu mwishoni analipwa. Sio kwamba mwandishi kawapa ushindi akina Elifazi kwa mlango wa nyuma?

#34 Kiti_cha_Nyuma

Hilo wasomi wanabishana mpaka leo, kuna wanaosema mwanzo na mwisho wa kitabu ni hadithi ya zamani na mabishano ya katikati yaliingizwa. Ila tazama hesabu. Kondoo 7,000 wakawa 14,000. Ngamia 3,000 wakawa 6,000. Jozi za ng'ombe 500 zikawa 1,000, punda vivyo hivyo. Watoto walikuwa wana 7 na binti 3, mwishoni wana 7 na binti 3. Watoto hawakuzidishwa.

#35 Jeshi_la_Madhabahu

Hilo lina jibu zuri sana. Mifugo ilikufa ikaisha, ndio maana ikabidi iwe mara mbili. Watoto wa kwanza wako kwa Mungu, hawajapotea, ukijumlisha ni 20. Mara mbili kamili.

#36 Mnyaihangiro

Au mwandishi alijua mtoto hazidishwi. Hakutaka kudanganya.

#37 Upendo_wa_Makambako

Nimekuwa nasoma tu, naomba niingie hapa. Nilifiwa na mwanangu wa kwanza, nikapata wengine baadaye. Hiyo hesabu ya 20 mtumishi niliambiwa msibani na sikuichukia, ilinisaidia kiasi. Lakini ya #36 ndiyo ninayoishi nayo. Watu wakiniuliza una watoto wangapi mpaka leo huwa nasita kidogo. Ayubu naye nadhani alikuwa anasita. Na nimejiuliza siku nyingi, alipozaliwa huyo Yemima, binti wa kwanza wa mara ya pili, mzee alicheka siku ileile au ilichukua muda? Biblia imetaja majina ya hao mabinti watatu na kwamba walipewa urithi pamoja na kaka zao, kitu ambacho zamani hakikuwa kawaida. Mimi naona kuna kitu kilimbadilisha.

#38 Mama_Viungo

Dada Upendo 🙏 pole mama.

#39 Mkulima_Dakawa

Wakuu ahsanteni, nimesoma zote. Leo kaka alikuwa siku ya mashine, nimemsubiri nje na shemeji nikampa simu asome uzi. Kasoma kimya, akarudisha simu, akauliza: mke wa Ayubu yuko wapi sura ya 42? Marafiki wametajwa, ndugu na dada zake wametajwa walikuja kula naye na kumpa pete za dhahabu, mabinti wametajwa. Mwanamke aliyezaa wale 10 na akawazika, hatajwi. Nimesoma mwenyewe kuhakiki, kweli hayupo. Mwenye jibu?

#40 Jeshi_la_Madhabahu

Alimwambia mumewe mkufuru Mungu ukafe. Ni wazi aliondolewa, Ayubu akaoa mwingine.

#41 Kiti_cha_Nyuma

Hakuna mstari unaosema aliondolewa, hiyo umeongeza. Ayubu kamwambia anaongea kama wanawake wapumbavu wanavyoongea, hakumfukuza, na Mungu alipokasirika kawakasirikia watu watatu na mke hayumo. Mapokeo mengine ya Kiyahudi yanasema Ayubu alimuoa Dina binti Yakobo, nayo ni mapokeo tu.

#42 Bin_Hamadi

Kwetu pwani ana jina. Tumesimuliwa kwa jina la Rehema, wengine Rahma, na upo utendi mkongwe wa Ayubu ambao mabibi zetu walikuwa wakiusoma. Huyo mama hakumwacha mumewe hata watu walipomtoa kijijini kwa ugonjwa wake. Alifanya vibarua majumbani amlishe, na inasimuliwa alifikia kuuza nywele zake apate chakula. Ndiye inayosemwa aliapiwa fimbo na mumewe kwa hasira ya maradhi, kisha Ayyub akaamrishwa achukue kishada cha majani ampige nacho mara moja ili asivunje kiapo wala asimuumize, ndio hiyo Saad 44 niliyoitaja juu.

#43 Nesi_Zamu_ya_Usiku

Huyo wa nywele namfahamu, ninao kila zamu. Mkulima, mwambie shemeji aombe kuonana na ustawi wa jamii wa hospitali, kuna fomu ya msamaha wa gharama, na aende asubuhi mapema kabla ya saa mbili maana foleni ile sio ya mchezo.

#44 Chura_Kiziwi

Jeshi naona umenyamaza kwenye #42, au mke wa Ayubu naye tumtubishe?

#45 Jeshi_la_Madhabahu

Sijanyamaza, natafuta andiko. Na wewe lini umeenda kanisani mara ya mwisho?

#46 Chura_Kiziwi

Hilo nalo lianzishiwe uzi wake.